Namna ya Kuhakiki Kauli ya Mwanasiasa Kabla ya Kuisambaza: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Kila uchaguzi unapokaribia, wasomaji huniandikia malalamiko yanayofanana. Mtu ametumiwa kadi yenye picha ya kiongozi na maneno makali chini yake. Ameyatafuta maneno hayo Google, ameyakuta kwenye kurasa nyingi, ameridhika kwamba ni ya kweli, amesambaza, na kesho yake ameumbuka mbele ya kundi zima. Wengi wa watu hawa si wazembe. Walihakiki, ila walitafuta kadi imebandikwa wapi kwingine, badala ya kutafuta maneno yalitamkwa wapi.

Kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Katika mahafali ya shule moja niliwahi kusoma yale maneno mashuhuri kwamba hofu yetu kubwa si udhaifu wetu bali ni uwezo wetu usio na kipimo, nikayataja kuwa ya Nelson Mandela, na makofi yakapigwa. Baada ya hafla mama mmoja, mkutubi mstaafu, alinisogelea na kuniuliza kwa upole, "Aliyasema wapi, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Hatua zote zilizo hapa chini zimejengwa juu ya swali la mama yule, kwa sababu kauli ni tukio: lina siku, mahali na wasikilizaji, na mara nyingi lina mtu aliyelirekodi.

## Utakavyohitaji

Simu yenye bando inatosha, ingawa kompyuta hurahisisha kazi ya kulinganisha picha mbili sambamba. Andaa pia vitu vifuatavyo kabla ya kuanza:

- Daftari na kalamu, au faili moja la kuandikia kila unachokipata pamoja na saa ulipokipata.
- Google ya kutafutia maneno, pamoja na Google Books kwa maneno yaliyowahi kuchapishwa vitabuni.
- Google Lens na TinEye za kutafutia asili ya picha.
- Wayback Machine, ghala la kurasa za zamani za intaneti, kwa kurasa zilizofutwa au kubadilishwa.
- Kalenda ya miaka mingi. Simu nyingi zinayo.
- Anwani za tovuti za wakaguzi wa habari: JamiiCheck na Nukta Fakti kwa Tanzania, PesaCheck, Africa Check na Piga Firimbi kwa Kenya.
- Spika za masikioni. Usidharau hiki, neno moja lililomezwa na kelele za mkutano linaweza kugeuza maana yote.

Tenga nusu saa. Ikiwa huna nusu saa, basi huna haja ya kusambaza leo.

## Hatua ya 1: Hifadhi ushahidi kama ulivyoupokea

Pakua picha yenyewe badala ya kuipiga skrinishoti, kwa kuwa skrinishoti hupunguza ubora, hukata kingo, na mara nyingine huficha maandishi madogo ya chini ambayo ndiyo yenye siri. Nakili kiungo cha chapisho ikiwa kipo, kisha andika jina la akaunti au kundi, tarehe na saa.

Kwenye WhatsApp, angalia kama ujumbe una alama ya mishale miwili inayoonyesha kwamba umeshapita mikono mingi. Tangu Aprili 2020 ujumbe wenye alama hiyo hutumwa kwa mazungumzo mamoja tu kwa wakati mmoja, hatua iliyochukuliwa kupunguza kasi ya uzushi. Alama hiyo haisemi kwamba ujumbe ni wa uongo. Inachosema ni kwamba aliyekutumia siye aliyeutengeneza, kwa hiyo usipoteze muda kumhoji kana kwamba yeye ndiye chanzo.

Onyo moja: usiwatume watu wengine wakusaidie kuhakiki kwa kuwafowadia kadi ileile ikiwa haina onyo lolote juu yake. Kwao itafika kama kadi nyingine tu, na mmoja wao ataipeleka mbele. Andika neno INAHAKIKIWA kwa herufi kubwa katikati ya picha kwanza.

## Hatua ya 2: Jaza nafasi tano

Chora mistari mitano katika daftari na uandike: nani, nini, lini, wapi, mbele ya nani. Kisha jaza kwa kutumia yaliyomo kwenye kadi pekee, bila kuongeza unachokijua wewe.

Kadi nyingi zitakupa nafasi mbili tu za kwanza. Ile ya Mandela niliyoisoma mahafalini iko afadhali, kwa sababu matoleo yake mengi hudai kwamba ni maneno ya hotuba ya kuapishwa mwaka 1994. Dai la namna hiyo ni zawadi kwa mhakiki, maana limejifunga kwenye tukio linaloweza kufunguliwa na kusomwa. Kadi inayosema "Mwalimu Nyerere aliwahi kusema" haijajifunga popote, na neno "aliwahi" linapaswa kukusimamisha palepale.

Ukimaliza hatua hii vizuri, utakuwa na sentensi moja iliyo wazi, kwa mfano: "Kadi inadai kwamba fulani alisema maneno haya, mwezi huu, katika mkutano wa hadhara mjini Dodoma." Hiyo ndiyo sentensi utakayoihakiki, si hisia uliyoipata ulipoisoma.

## Hatua ya 3: Kagua kadi yenyewe

Fungua ukurasa rasmi wa chombo cha habari ambacho nembo yake imo kwenye kadi, uweke kadi zake halisi mbili au tatu kando ya ile uliyonayo. Linganisha umbo la herufi, rangi, mahali nembo inapokaa, namna tarehe inavyoandikwa, na tahajia. Vyombo vikubwa hukosea tahajia mara mojamoja, lakini havibadilishi fonti kwa kadi moja na kurudia ile ya zamani jioni.

Kisha fungua kalenda. Watengenezaji wa kadi hizi hupenda kuandika siku pamoja na tarehe ili ionekane rasmi, na hawahesabu. Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, siku ya Alhamisi. Kadi itakayokuambia kwamba siku ile ilikuwa Jumatatu imeshajishtaki yenyewe.

Lakini unadhifu wa kadi usikupumbaze. Wakati wa uchaguzi wa Kenya wa mwaka 2017 zilisambaa video zilizovikwa nembo na mwonekano wa BBC na CNN, zikidai kutoa takwimu za kura za maoni, na vyombo hivyo vikazikana. Zilikuwa zimetengenezwa vizuri kiasi cha kumdanganya mtu mwenye haraka. Vilevile, kadi mbovu yenye herufi zilizopinda inaweza kuwa imetengenezwa na mwanafunzi aliyenukuu sawasawa. Hatua hii inakupa mashaka au utulivu. Haikupi jibu.

## Hatua ya 4: Tafuta asili ya picha

Ipitishe picha kwenye Google Lens, kisha TinEye, ambayo hukuruhusu kupanga matokeo kuanzia ya zamani zaidi. Unachotafuta ni toleo lisilo na maandishi, pamoja na maelezo yake ya kwanza: nani, wapi, mwaka gani.

Picha ya zamani juu ya kauli mpya si dhambi peke yake, kwani wahariri wote hutumia picha za maktaba. Tatizo huanza pale picha inapotumika kama ushahidi: kiongozi amekunja ngumi jukwaani, mate yanaruka, na maneno ya vitisho chini yake, kumbe ngumi ile aliikunja akishangilia bao uwanjani. Ikiwa picha ni ya tukio jingine, andika hivyo na uendelee. Usihitimishe kwamba maneno nayo ni ya uongo.

## Hatua ya 5: Fuata maneno hadi pale yalipoonekana mara ya kwanza

Hapa ndipo wasomaji wengi wanapokwama, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Usiingize kauli yote kwenye Google. Chagua maneno matano au sita yanayofuatana, yasiyo ya kawaida, uyafunge kwa alama za mtajo. Ukitafuta "maendeleo ya wananchi wetu" utapata nusu ya hotuba zote zilizowahi kutolewa Afrika Mashariki. Chagua kipande chenye tamathali au kitenzi adimu. Kisha tafuta tena bila jina la msemaji. Wengi huliacha jina ndani ya utafutaji, na matokeo yake Google huwarudishia kurasa zilezile zilizokwisha kuyaunganisha maneno na jina hilo. Ukiliondoa jina, mara nyingine hutokea mtu wa pili mwenye maneno yaleyale.

Chukua ule usemi maarufu wa wamisionari waliokuja na Biblia wakati Waafrika wana ardhi, wakaambiwa wafumbe macho wasali, na walipofumbua wakajikuta wameshika Biblia na ardhi imekwenda. Nchini Kenya unazunguka na picha ya Mzee Jomo Kenyatta. Vuka mipaka kidogo na utaukuta na picha ya Askofu Mkuu Desmond Tutu. Utani mzuri hutembea vinywani mwa wengi, na huenda mtu akaurudia mbele ya watu bila kudai kwamba aliutunga yeye. Kwa hiyo ukiona kauli moja ina wenyewe wawili, badilisha swali lako: acha kuuliza ni ya nani, uliza kila mmoja aliitamka lini na wapi, na asiyepatiwa siku wala mahali mwache kando.

Tafuta pia kwa lugha ya pili. Kauli nyingi zinazosambaa kwa Kiswahili ni tafsiri, na ya Kiingereza ndiyo yenye historia ndefu. Maneno ya hofu na uwezo niliyoyasoma mahafalini, nilipoyatafuta kwa Kiingereza kwenye Google Books bila jina la Mandela, yalinipeleka kwa Marianne Williamson, mwandishi wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1992. Hapo hesabu ni rahisi: kitabu kilitangulia hotuba kwa miaka miwili. Kisha nikafungua hotuba ya Pretoria ya tarehe 10 Mei 1994, nikaisoma yote. Maneno hayamo. Nikafungua na ile ya Cape Town ya siku iliyotangulia. Hayamo. Ilinichukua chini ya saa moja, ambayo ningeweza kuitumia kabla ya kupanda jukwaani.

Wakati mwingine utagundua kwamba kauli ilianza kama muhtasari wa mtu mwingine. Yale maneno anayopachikwa Voltaire, kwamba sikubaliani na usemayo lakini nitatetea hadi kufa haki yako ya kuyasema, yaliandikwa na Evelyn Beatrice Hall mwaka 1906 alipokuwa akieleza msimamo wa Voltaire, zaidi ya miaka mia moja baada ya mwenyewe kufariki. Bi. Hall hakughushi, wasomaji ndio walioyachukua maelezo wakayafanya nukuu. Mwandishi wa habari anapoandika kwamba waziri "alionyesha kutojali," haichukui siku mbili kabla ya kadi kutokea ambamo waziri mwenyewe anasema, kwa nafsi ya kwanza, "Mimi sijali."

Sikiliza pia umri wa maneno. Enzi za Mwalimu majukwaa yalijaa rushwa, ulanguzi na uhujumu uchumi. Kampeni ya mwaka 1983 iliitwa vita dhidi ya wahujumu uchumi. Kadi inayomfanya azungumzie mitandao ya kijamii, au inayompa misamiati ya makongamano ya ujasiriamali ya leo, inanuka wino mbichi. Hata hivyo pua si ushahidi. Itumie kuamua uchimbe wapi, kisha uchimbe.

Onyo kubwa la hatua hii: kurasa mia mbili zilizonakiliana ni shahidi mmoja. Hesabu vyanzo vilivyokuwepo kwenye tukio, usihesabu matokeo ya utafutaji. Na usiamini tarehe ya ukurasa moja kwa moja, kwa sababu mwenye tovuti anaweza kuirudisha nyuma. Iangalie kwenye Wayback Machine ujue ukurasa ulihifadhiwa mara ya kwanza lini.

Umefaulu ikiwa unaweza kutaja toleo la zamani kuliko yote uliyoyaona na tarehe yake, au ikiwa umepata tukio lenye jina, siku na mahali.

## Hatua ya 6: Rudi kwenye tukio na usikilize kabla na baada

Sasa una tukio. Tafuta rekodi yake ndefu kuliko zote: video nzima ya mkutano badala ya kipande cha sekunde kumi na tano, hotuba iliyochapishwa badala ya habari kuihusu. Kwa maneno ya bungeni, nenda kwenye Hansard, yaani taarifa rasmi ya majadiliano, ambayo Bunge la Tanzania na lile la Kenya huiweka kwenye tovuti zao. Kumbuka tu kwamba Hansard husafishwa kidogo lugha, na kwamba Spika anaweza kuamuru maneno fulani yafutwe. Ikiwa picha ya video na Hansard vinatofautiana, amini masikio yako na uandike tofauti hiyo.

Ukishapata sehemu yenye kauli, rudi nyuma dakika tano na uendelee mbele dakika tano. Sababu ni namna Kiswahili kilivyojengwa. Sisi hubeba ukanushi kwenye silabi moja mwanzoni mwa neno, na hubeba maneno ya watu wengine kwa kiunganishi kifupi kinachokatika bila kuacha kovu. Tazama mfano huu nilioutunga mwenyewe. Mgombea anasema: "Wapo wanaopita mitaani wakisema kodi ya kichwa irudi, kwa sababu wananchi ni wavivu, mimi nasema hao hawatujui." Kata maneno manne ya mwanzo na manne ya mwisho, na kadi inabaki: "Kodi ya kichwa irudi, kwa sababu wananchi ni wavivu." Kila neno ni la kweli, limetoka kinywani mwake, na sauti ipo. Mtu anayehakiki kwa kuuliza "je, alisema?" atajibiwa ndiyo.

Maandishi nayo hukatwa vivyo hivyo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lina sentensi inayoanza, "Sasa tunataka mapinduzi." Ibandike peke yake juu ya picha ya Mwalimu, uitume siku yenye joto la kisiasa, na utakuwa umeifanya mwito wa kuangusha serikali. Endelea kusoma na utaona mapinduzi yanayotajwa ni ya kuondoa unyonge, ili watu wasionewe, wasinyonywe na wasipuuzwe tena. Lugha yetu hutumia neno moja kwa mapinduzi ya kijeshi na kwa mageuzi ya mfumo wa maisha, na mtengeneza kadi analijua hilo. Isitoshe, Azimio ni waraka wa chama cha TANU. Hata pale mkono wa Mwalimu unapoonekana wazi, si sahihi kulinukuu kama kauli aliyoitamka yeye binafsi jukwaani.

Tafsiri inahitaji jicho lake. Kiongozi akisema kwa Kiingereza kwamba serikali "inaweza kufikiria" jambo, kadi ya Kiswahili huandika "serikali itafanya." Weka sentensi mbili sambamba uangalie vitenzi tu: inaweza, huenda, itabidi, ita-. Uongo mwingi wa tafsiri umelala kwenye viambishi, si kwenye nomino.

Na sauti? Siku hizi programu za akili unde zinaweza kuiga sauti ya mtu kwa namna ya kutisha. Usijaribu kushindana nazo kwa sikio pekee. Rudi kwenye swali la mkutubi: mkutano ulikuwa wapi, na nani mwingine alikuwepo na kamera? Mkutano halisi wa hadhara hurekodiwa na simu nyingi, kutoka pembe nyingi. Kauli nzito ya kiongozi mkubwa ambayo ina rekodi moja tu, isiyo na mwanzo wala mwisho, wala mtu mwingine aliyeisikia, iache kwenye daftari.

Si kila tofauti utakayoikuta ni upotoshaji. Watu wazima wa Tanzania wanaikumbuka hotuba ya Mwalimu ya Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera, na yale maneno matatu: sababu, nia na uwezo. Waulize watano wakariri na utapata mpangilio zaidi ya mmoja, kila mmoja akiapa kwamba wake ndio wenyewe. Tafuta sauti ya hotuba hiyo ufanyie mazoezi: andika neno kwa neno unachokisikia, kisha linganisha na kadi tatu za mtandaoni. Ni zoezi zuri kuliko yote ninayoyajua, kwa kuwa linakufundisha kutenganisha kumbukumbu iliyoteleza na mkono uliokusudia.

## Hatua ya 7: Muulize mhusika, na usimwamini upesi

Angalia akaunti rasmi ya msemaji, ya ofisi yake na ya chama chake. Angalia pia kama wakaguzi niliowataja mwanzoni wameshaishughulikia kadi hiyo, maana kadi zilezile hufufuliwa kila uchaguzi na huenda mwenzako alishafanya kazi yote.

Tiki ya buluu kwenye X haitoshi. Tangu Aprili 2023 mtandao huo uliwaondolea watu tiki za zamani za uthibitisho, na anayelipia hupata. Hata akaunti iliyo rasmi kweli inaweza kuwa mikononi mwa mtu mwingine: Mei 2025 akaunti ya X ya Jeshi la Polisi Tanzania ilidukuliwa na kuchapisha mambo ya uongo, ikiwemo kuhusu uhai wa Rais, na Jeshi likalazimika kukanusha. Waliotafuta njia ya pili ya kuthibitisha hawakuumbuka siku ile.

Kukanusha nako ni kauli, nayo inahakikiwa. Mwanasiasa aliyeteleza ulimi Jumamosi hutoa taarifa Jumapili kwamba amenukuliwa vibaya. Ikiwa unayo rekodi nzima ya hatua ya sita, rekodi inashinda taarifa.

## Hatua ya 8: Andika hukumu inayolingana na ulichokipata

Neno "feki" limechoka, na halisemi nini kimeharibika. Andika moja kati ya haya: maneno ni yake na muktadha ni sahihi, maneno ni yake lakini yamekatwa, maneno ni yake lakini ni ya mwaka mwingine, maneno ni ya mtu mwingine, kisha umtaje, tafsiri imepindishwa, ulikuwa utani uliopoteza alama zake njiani, au hakuna tukio lililopatikana.

Hukumu hii ya mwisho ndiyo ngumu kuiandika, na ndiyo utakayoihitaji mara nyingi. Kutokupata si sawa na kuthibitisha kwamba hakusema. Mtu hutamka maneno maelfu kila siku na machache ndiyo hurekodiwa. Lakini mzigo wa kuonyesha tukio ni wa aliyetengeneza kadi, kwa hiyo una haki kamili ya kuandika kwamba umetafuta mahali fulani na fulani, hukuona, na hutasambaza.

Jihadhari zaidi na kadi inayomuumbua mtu usiyempenda. Katika kadi za namna hiyo utajikuta unaruka hatua ya sita. Mimi huzihakiki mara mbili, na mara ya pili humwomba rafiki wa chama kingine asikilize rekodi pamoja nami.

## Hatua ya 9: Mjibu aliyekutumia

Usimrekebishe mtu mzima mbele ya kundi la ukoo kwanza. Atatetea heshima yake, si kadi, na kadi itaendelea kusafiri. Mtumie ujumbe wa pembeni, mfupi, wenye kiungo kimoja, na umwachie nafasi ya kuisahihisha mwenyewe. Huu ndio niliomwandikia mjomba wangu:

"Shikamoo mjomba. Ile kauli ya Mandela uliyotutumia asubuhi ni nzuri, hata mimi niliwahi kuisoma hadharani. Nimekuja kugundua ni ya mwandishi wa Marekani, kitabu cha 1992. Hotuba ya 1994 nimeisoma yote, haimo. Nimekuwekea hapa uione. Labda uwaambie na wengine, wewe watakusikiliza."

Alikaa kimya hadi jioni, kisha akaandika kwenye kundi: "Wanangu, kauli ya asubuhi ina mwenyewe mwingine. Ibaki ujumbe, jina tulirekebishe." Sikutegemea zaidi ya hapo.

Ikiwa lazima urudishe kadi kwenye kundi ili watu waitambue, ichore msalaba mwekundu juu ya maneno yenyewe, si pembeni, kwa sababu pembeni hukatwa. Anza ujumbe kwa maneno ya kweli, ndipo utaje kosa. Wasomaji wengi huishia mstari wa kwanza. Na kama ulikuwa umeshaisambaza wewe mwenyewe, ifute kote unakoweza na useme wazi kwamba uliituma. Nchini Tanzania kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinahusu kuchapisha taarifa za uongo, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni. Kujieleza kwamba "nilifowadi tu" si kinga ya kuitegemea.

Mwisho, rudi kwenye daftari. Andika kauli, hukumu, tarehe na viungo, na uhifadhi nakala ya rekodi ndefu kwenye simu, kwa maana video hufutwa. Panga kwa jina la msemaji, si kwa tarehe. Kadi hiyohiyo ikirudi miaka mitano ijayo ikiwa na fonti mpya na nembo mpya, utalifungua daftari na kumjibu aliyeituma kabla chai haijapoa.